Kompressor ya Marehemu
Sehemu ya Nne: Uzi Mwekundu

ILIPOISHIA: Mwalimu, mjane wa Kajiado mjini, ameleta kwenye gereji yetu ya Noonkopir, Kitengela, gari la marehemu mumewe: SLK 230 Kompressor ya rangi ya fedha, iliyokaa miaka mitatu chini ya turubai. Yeye anataka liwake tu. Mwanawe wa pekee anataka liongezwe nguvu, na analipa taslimu. Kwenye buti nimepata daftari la marehemu lenye hesabu za puli na petroli. Ukurasa wa mwisho umechanwa. Nilipomuuliza Mjomba kama aliwahi kumfahamu marehemu, spana ilimponyoka mkononi.

SASA ENDELEA

Mjomba aliinama akaiokota spana, akaipangusa kwa kitambaa ingawa haikuwa na grisi.

“Nani wa Kajiado hakumfahamu?” akasema. “Alikuwa muuza marumaru. Haya, wewe si ulitaka kujifunza kompresa? Njoo huku.”

Hivyo ndivyo Mjomba anavyofunga mazungumzo: anakupa kazi.

Alifungua boneti. Kompresa ya Eaton ilikuwa imelala kando ya injini kama kobe aliyejikunyata. Mjomba akagusa mkanda kwa kidole.

“Tabo huzungushwa na moshi. Hii huzungushwa na mkanda, kutoka kwenye puli ile ya chini iliyo kwenye ncha ya krenki. Ukikanyaga, upepo uko hapo hapo, hausubiri. Sasa mimi mwenye gari nataka upepo zaidi. Nifanye nini?”

“Upunguze puli ya juu, au ukuze ya chini.”

“Hapa ipi?”

Nilichungulia. Puli ya juu ilikuwa nene, na waya umeingia nyuma yake. “Ya chini. Ya juu ina klachi ya sumaku ndani, si ya kuchezea.”

Alichuchumaa, akachora duara mbili vumbini kwa bisibisi. “Tuseme ya chini ina upana wa milimita 150, ya juu 75. Krenki ikizunguka mara moja, kompresa inazunguka mara mbili. Injini ikifika mizunguko 6,000, kompresa iko 12,000. Sasa weka ya chini yenye milimita 165.”

“Itafika 13,200. Asilimia 10 zaidi.”

“Na petroli?”

“Bado ni ileile.”

“Basi umekopa upepo na hujui utalipa na nini.” Alifuta duara zote mbili kwa soli ya kiatu. “Dawa ya deni ni kulipa. Upepo ni deni, petroli ndiyo malipo. Na usikope kupita kiasi: kompresa ya aina hii ukiizungusha mno inaacha kusukuma hewa, inaipika tu.”

Kwenye jalada la daftari marehemu alikuwa amebandika picha ya Lancia 037 iliyokatwa gazetini. Mjomba aliitazama kwa muda.

“Safari Rally ya 1986,” akasema taratibu. “Markku Alén alimaliza wa tatu na gari kama hili, nyuma ya Celica mbili za tabo. Lancia ilikuwa na kompresa. Unaisikia kabla hujaiona, inalia kama nyuki ndani ya chupa. Tulikuwa vijana wawili tumesimama juu ya kichuguu...”

“Wewe na nani, Mjomba?”

Akaufunga ule mdomo wake mpaka jioni.

*

Kijana wa Mwalimu alifika adhuhuri, miwani ya jua usoni, funguo zikizunguka kidoleni.

“Fundi, mimi nataka puli tu. Nozeli za nini? Gari si linawaka?”

Nilimgeuzia laptopu. “Hapa nimekanyaga mafuta yote kwa puli ya kiwandani. Nozeli zako zinakuwa wazi asilimia 79 ya muda. Ongeza sehemu ya kumi ya hiyo.”

“Themanini na saba.”

“Na mimi sipendi kuvuka 85. Nozeli ni mlango, unafunguka na kufungwa. Ikifika 100 haina tena muda wa kufungwa, na injini ikiomba zaidi haipati. Hapo mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inaanza kugonga kama mtu anayetikisa kokoto kwenye mkebe. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka.”

“Basi pandisha presha ya petroli. Ni bei rahisi.”

Nilimpa alama moja moyoni. Alikuwa amesoma mahali.

“Kutoka baa 3 hadi 4 hupati theluthi zaidi. Unapata kama asilimia 15. Halafu pampu, kadiri unavyoipandishia presha ndivyo inavyosukuma kidogo, na pampu yako imekaa miaka mitatu kwenye petroli iliyochacha. Jana nilifungua bomba nikaipima kwenye jeriken. Ilitapika kutu kwanza, ndipo ikatoa petroli.”

Tukapatana: puli ya chini iliyozidi kwa asilimia 10, mkanda mrefu kidogo, nozeli nne kubwa zaidi, pampu mpya na chujio lake, plagi zinazopoa haraka kwa daraja moja, na programu mpya ya kompyuta ya gari ili ijue nozeli zimebadilika.

“Na ujaze petroli kwenye kituo unachokiamini,” nilimwambia. “Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya wale wanaoyachanganya na petroli. Usidhani wameisha. Injini ya kompresa haisamehi petroli chafu.”

Alihesabu noti, akazisukuma mezani, akainamisha kichwa. “Jambo moja, Fundi. Usimwambie yieyo.”

Hakusema nisimwambie mama yake nini.

*

Nozeli nilizinunua Kirinyaga Road, mjini Nairobi, kwenye duka lenye spea mpaka darini. Muuzaji aliapa kwamba ni halisi. Mjomba amenifunza kwamba kiapo cha duka hupimwa mezani.

Usiku wa Jumatano nilizipanga nozeli nne juu ya mirija minne ya kioo yenye mistari, nikaziunganisha na pampu na betri, nikazifungua zote kwa nusu dakika. Ukungu wa petroli ulishuka kama pumzi ya ng’ombe alfajiri. Kisha nikainama mpaka macho yakalingana na mistari.

Ya kwanza, mililita 176. Ya pili, 175. Ya tatu, 176.

Ya nne, 148.

Nilirudia mara tatu, nikabadilisha mirija, nikabadilisha waya. Ya nne ilibaki vilevile, na ukungu wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ndugu zake. Kwa hiyo nikaifunga shingoni uzi mwekundu niliouomba kwa mama wa shanga wa kibanda cha pili, nikaiweka peke yake kwenye mkebe wa kahawa. Asubuhi nikampigia muuzaji. Akaguna, akakubali kutuma nyingine kwa matatu ya jioni.

Jioni hiyo ya Alhamisi nilikuwa na homa. Mjomba akanitazama, akanivua glovu.

“Nenda kalale. Nozeli ikifika nitaifunga mwenyewe.”

Ijumaa asubuhi nilikuta kazi imekwisha. Nozeli zote nne zimekaa, puli mpya inang’aa, mkanda umekazwa sawasawa. Niliunganisha laptopu, nikatia programu, tukatoka na Kijana kwenye barabara ya Namanga kuelekea Isinya, kabla malori hayajajaa.

Nikakanyaga.

Ile sauti! Kwanza mluzi mwembamba, kisha ukanenepa, ukapanda hadi meno yakawasha. Ng’ombe kando ya barabara waliinua vichwa vyote kwa pamoja. Geji ya mchanganyiko ilitulia kwenye 12, yaani hewa uzito kumi na mbili kwa petroli uzito mmoja, pale pale ninapopataka injini ikibeba mzigo. Hakuna kugonga. Nozeli asilimia 68.

Ilinipasa kufungua plagi nizisome moja moja, kwa sababu plagi haisemi uongo. Lakini Kijana alikuwa akitazama saa, na mimi nilikuwa bado na homa. Sikuzifungua.

Saa kumi jioni aliondoka na gari. Mjomba alisimama getini akalisindikiza kwa macho hadi mluzi ulipomezwa na honi za Kitengela.

*

Chumba changu kiko nyuma ya gereji. Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, simu ililia.

“Binti yangu, shikamoo zako nitazipokea baadaye.” Alikuwa Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. “Nimefungua kabati. Hati ya shamba haipo. Shamba lote, binti yangu, lile aliloacha marehemu. Nimemuuliza rafiki anayekaa na mwanangu, ameniambia mwanangu ameiweka dau. Wanashindana na mtu, magari mawili, saa kumi na mbili kamili.”

“Wapi, Mwalimu? Hapa Namanga Road?”

“Magadi. Wanaanzia kule chini ziwani, wanapanda hadi Corner Baridi.”

Homa yote ilinitoka.

Gari lile nililipima hapa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Magadi iko kama mita 600. Kule hewa ni nzito. Kompresa ileile, kwa puli ileile, itameza hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na tena hewa ya moto. Nilipiga hesabu gizani: 68, ongeza kama sehemu ya kumi, bado haifiki 80. Nozeli zinatosha. Pampu inatosha. Nilishusha pumzi.

“Mwalimu, gari litastahimili,” nilisema. “La hati ndilo sijui, lakini gari...”

Niliwasha taa ya gereji ili nitafute namba ya Kijana kwenye kitabu cha risiti. Kando ya kitabu kulikuwa na kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki, gundi yake haijaguswa. Kilikuwa na jina la gereji yetu na muhuri wa matatu wa Alhamisi.

Nilikichana. Ndani yake mlikuwa na nozeli mpya.

Nilikimbilia mkebe wa kahawa. Mtupu.

Kihisi cha moshi ni kimoja. Kinaonja moshi wa silinda zote nne kwa pamoja, kama mpishi anayeonja mchuzi kwa kijiko kimoja. Tatu zikishiba, huwezi kujua ya nne inalala njaa. Ndiyo maana geji ilitulia kwenye 12. Hapa Kitengela, asubuhi ya baridi, kwa sekunde chache, pistoni hiyo ilivumilia. Kutoka ziwani hadi Corner Baridi ni mlima mrefu, mguu umekanyaga hadi chini.

“Binti? Uko hapo?” Mwalimu aliita.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na mbili. Nilikata simu yake, nikaanza kubonyeza namba ya Kijana.

“Usipige.”

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, amevaa, kofia kichwani, kana kwamba hakulala kabisa. Kwenye ukingo wa kofia, penye mshono, palining’inia uzi mwekundu.

“Mjomba,” nilisema, na sauti haikuwa yangu. “Ni wewe uliyeifunga.”

Hakukana. Alitia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ukingo wake mmoja umechanika. Mwandiko wa penseli niliujua hata kabla hajaikunjua; ulikuwa wa marehemu. Akaiweka juu ya kitabu cha risiti, akaigeuza inielekee mimi.

“Deni hili lina miaka mingi kuliko wewe,” akasema. “Soma kwanza. Halafu, ukiwa bado unataka kumpigia, sitakuzuia.”

Niliusoma mstari wa kwanza. Simu ikaniteleza mkononi.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO