Nyumba ya magurudumu na chumba cha hoteli: wageni waliopita kwetu walilala wapi?

Mama mmoja aliyehama upande wa Kanyabayonga, ambaye sasa anaishi kwa ndugu za mume wake hapa Butembo, alituletea swali redioni. Amesikia kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wenye nyumba nzuri ambao, wakipata likizo, wanazifunga, wanalipa pesa nyingi na kwenda kulala ndani ya motokari au chini ya hema. Aliuliza: "Hao wamekosa nini?"

Ndugu wasikilizaji, hawakukosa kitu. Wanaita ni kupumzika. Kuna motokari zenye kitanda, jiko na choo ndani, na kuna karavani, yaani nyumba ndogo inayovutwa nyuma ya motokari. Wanaozipenda wanasema hoteli inakupangia saa ya kula na inakulipisha kila usiku, lakini nyumba ya magurudumu inasimama popote unapotaka. Wanaopenda hoteli wanajibu kwamba likizo ya kupika na kuosha vyombo si likizo. Hayo ni mabishano yao. Kwetu sisi swali limekuwa lingine tangu zamani: mgeni akilala hapa, nani anapata, na nani anabeba mzigo?

Tuanze na wakati wa Wabelgiji. Kabla ya hoteli kuwa nyingi, kando ya barabara za Kongo kulikuwa na nyumba za wapita-njia, ambazo Wafaransa na Wabelgiji waliziita gîte. Ilikuwa nyumba ya kawaida, mara nyingi ya majani, alimolala administrateri, padri au mfanyabiashara aliyekuwa safarini. Haikuwa na mwenye hoteli. Kijiji cha karibu ndicho kilichotengeneza paa, kikafagia, kikaleta maji na kuni. Barabara zenyewe zilichimbwa na kutunzwa kwa mikono ya wanakijiji. Sheria ya 1933 iliruhusu kazi za lazima mpaka siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita, zikapandishwa hadi siku 120. Kwa hiyo mtu akisifu barabara nzuri za zamani, akumbuke pia mikono iliyozitengeneza.

Juu ya barabara hizo ndipo ilipokuja nyumba ya magurudumu. Mwaka 1938 kampuni ya International Harvester ya Chicago ilimtengenezea Mwitaliano Attilio Gatti magari mawili ya ajabu kwa safari yake ya Kongo. Yalichorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mchoraji wa motokari aliyekuwa na jina kubwa Marekani. Ndani kulikuwa na vitanda, bafu, jiko la umeme, hata mashine ya kupoza hewa. Gatti aliyaita kwa Kiingereza jina lenye maana ya mashua za starehe za porini. Fikirini: kupoza hewa ndani ya Kongo mwaka 1938, wakati fundi aliyetengeneza daraja alilopitia analala kwenye majani!

Gatti alirudi Afrika mara nyingine mwaka 1947 na 1948, safari hii akisaidiwa na Hallicrafters, kampuni ya Chicago iliyotengeneza redio. Shabaha ilikuwa Milima ya Mwezi, maana yake Ruwenzori, mlima huu huu tunaouona kutoka Mutwanga mawingu yakifunguka. Walibeba vyombo vya redio na mafundi wa kuzungumza na wapenzi wa redio ulimwenguni. Mimi kama mtu wa redio siwezi kuficha kwamba hiyo inanifurahisha. Lakini sauti zilizoruka kwenda Marekani zilikuwa za wageni. Wakaaji wa chini ya mlima walipigwa picha tu.

Msafara mkubwa kuliko yote ulikuja mwisho kabisa wa ukoloni. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kampuni ya karavani za Airstream, aliongoza karavani 41 za kung'aa kama sufuria mpya, na watu zaidi ya 100, kutoka Cape Town mpaka Cairo. Wengi walikuwa watu wazima waliostaafu kazi. Walivuka Kongo wakielekea Uganda, na matope ya kwetu yaliwatesa sana. Miezi michache nyuma yao, tarehe 30 Juni 1960, nchi ikapata uhuru.

Hoteli nazo zilikuwa zimeshaota mizizi. Bustani ya Albert, ambayo leo ni Virunga, iliundwa mwaka 1925, na Rwindi pakawa mahali pa watalii kulala kabla ya kwenda kutazama tembo na viboko. Mutwanga kulikuwa na hoteli chini ya Ruwenzori. Kule Epulu, katika msitu wa Ituri, Mmarekani Patrick Putnam alifungua kambi katika miaka ya 1930: nyumba ya wageni pamoja na mahali pa kutibu wagonjwa. Wageni walilipa, na pesa zao zikasaidia dawa. Putnam alikuwa na mambo yake mengi, lakini kwa hesabu hiyo ninampa heshima. Mtu aliyekwenda Epulu kutibiwa kidonda hakuuliza kama mtalii amelala vizuri, ila kitanda cha mtalii kilimfaa.

Basi hoteli ilishinda? Nilifikiri hivyo, mpaka nilipozungumza na wazee wa kando ya barabara kuhusu miaka ya Zaire. Miaka ya 1970 na 1980 makampuni ya Uingereza, kama Encounter Overland na Guerba, yalileta makamio ya watalii vijana. Walitoka London, wakavuka Sahara, wakaingia Zaire kutoka Afrika ya Kati, wakapita Epulu, Mambasa, Komanda, kisha Beni na Butembo, wakavuka ikweta kusini kidogo ya hapa na kushuka Goma. Hawakutafuta hoteli. Walifunga hema karibu na misheni au kijiji, wakapika wenyewe.

Lakini wapike nini? Ndizi, mananasi, mayai, makala, vyote vilitoka kwa akina mama wa hapo. Kamio likizama kwenye matope, vijana walishika majembe, na bei ilipatanwa hapo hapo. Pesa ilikuwa kidogo, ila iliingia mkononi mwa aliyeuza. Ya hoteli ilikuwa kubwa zaidi, na ilibaki mjini kwa mwenye hoteli. Kijiji kilionja mshahara wa mpishi mmoja na mlinzi mmoja. Tena mwaka 1973 Mobutu alipochukua mali za wageni na kuwagawia wakubwa wake, hoteli nyingi za nchi hii zilianza kuchakaa. Hema halikuweza kutaifishwa, lilikunjwa asubuhi likaenda.

Na lilikwenda kweli. Uporaji wa 1991, vita vya Algeria vilivyoifunga njia ya Sahara, mambo ya Rwanda mwaka 1994, na vita vyetu tangu 1996. Makamio ya watalii hayakurudi. Hoteli ya Rwindi ikaporwa. Na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza Beni, nani atasimama usiku kati ya Mbau na Eringeti apate kutazama nyota? Hata mashoferi wetu, ambao ndio watu wa kweli wa kulala ndani ya kamio katika nchi hii, wanaisubiri asubuhi na msafara wenye ulinzi wa jeshi.

Hoteli za mjini zilipata wateja wengine. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, vyumba vya Beni na Butembo vilijaa watu wa mashirika mpaka ugonjwa ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliokufa ni 2,287. Bei ya nyumba ilipanda, na aliyekuwa na nyumba ya ghorofa alifurahi. Hilo silichukii, mtu ana haki ya kupangisha. Lakini aliyekimbia Oicha na mkeka wake aliikuta bei hiyo hiyo.

Mama aliyetuuliza anafahamu hema vizuri. Kwake ni shitingi, ni mvua inayoingia upande wa miguu. Neno kambi pia tunalijua kwa njia yetu: Butembo yenyewe ilikua kutokana na kambi ya kampuni ya madini MGL, mwaka 1928. Mtalii analala chini ya hema akiwa na ufunguo wa nyumba yake mfukoni na tarehe ya kurudi kwenye tiketi. Jibu nililompa mama lilikuwa hilo.

Yeye akasema kuna jambo nimesahau. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka, mwisho wa Juni 2024, watu wengi waliokimbilia Lubero na Butembo hawakwenda hotelini wala kambini. Waligonga mlango wa mtu. Mahali alipo yeye kuna jamaa tatu, jiko moja, na mwenye nyumba amehamishia watoto wake sebuleni. Wanapika kwa zamu, na wiki hii makala ni juu ya mgeni.