Ujira na Ujuzi: Uanagenzi wa Uashi wa Chokaa katika Mji Mkongwe, Zanzibar

Insha hii inachunguza uhusiano kati ya ujira na urithishaji wa uashi wa mawe na chokaa mjini Zanzibar. Inajenga hoja kwamba ufundi huo ulidhoofika kwa kuwa malipo ya ujenzi yalihesabu siku ya kazi, huku muda wa kujifunza ukikosa mlipaji.

Uashi wa chokaa unahitaji subira. Mawe ya matumbawe huchomwa kwa kuni, chokaa inayopatikana huzimwa kwa maji, kisha huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta hupandishwa polepole, na sakafu iliyo juu ya boriti za mikoko hupigwa kwa vijiti hadi ishikane. Kutambua chokaa iliyoiva ni kazi ya jicho na mkono, na mwanagenzi huipata kwa kukaa muda mrefu na fundi.

Neno kibarua, lenye asili ya barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya siku, limehifadhi sehemu ya historia hii. Katika karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na mabwana walichukua sehemu ya ujira wao. Mtumwa mwenye ufundi aliingiza zaidi. Hivyo bwana alikuwa na maslahi katika kumfunza. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, mfanyakazi alipata haki ya ujira wake, lakini gharama ya kujifunza nayo ikamwelemea yeye na jamaa zake.

Saruji ilipoenea katika karne ya 20, ilimwezesha kijana kulipwa mapema. Hata hivyo, saruji juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu kutoka, na vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta.

Katika miaka ya 1990, ukarabati wa Zahanati ya Zamani uliosimamiwa na Aga Khan Trust for Culture uliwafunza mafundi wakiwa kazini. Hapo ujira na mafunzo vilikutana, ingawa kwa muda wa mradi tu. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Orodha hiyo hutambua majengo, haimlipi mwanagenzi. Kwa hiyo, siku zake za kujifunza zinastahili kuingizwa katika makadirio ya kila ukarabati, sawa na chokaa na boriti.