Edgefield na Maiti Zake

Edgefield ni wilaya ya mashamba katika jimbo la South Carolina, upande wa magharibi, jirani na mto Savannah unaolitenganisha jimbo hilo na Georgia. Ilianzishwa mwaka 1785. Watu wake walilima pamba, wakafinyanga mitungi mikubwa ya udongo ambayo leo inatunzwa katika majumba ya makumbusho, na wakatoa magavana kumi wa jimbo. Sifa nyingine ya Edgefield ilikuwa kuuana. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, Mason Weems, yule aliyeandika maisha ya George Washington, alikuwa akiuza vijitabu vya visa vya mauaji ya huko.

Mtu akikutwa amekufa na haijulikani kafaje, sheria ilitaka asizikwe kabla mchunguzi wa vifo hajafika. Cheo hiki kilitoka Uingereza, kilikoanzishwa mwaka 1194, kikavuka bahari pamoja na walowezi. Sisi wa Afrika Mashariki tunakijua kwa mlango mwingine: Waingereza hao hao waliacha sheria yake Kenya na Tanganyika, ndiyo maana hadi leo kifo chenye utata huweza kuchunguzwa mbele ya hakimu. Kule South Carolina mchunguzi aliwakusanya majirani, akawaapisha wawe jopo, na wote wakasimama kuitazama maiti kwa macho yao. Hilo lilikuwa sharti. Daktari wa karibu alipima majeraha, na ikibidi alipasua mwili pale pale, kwenye baraza ya nyumba au ghalani. Mashahidi waliapa na maneno yao yakaandikwa. Asiyejua kuandika alitia alama ya msalaba. Mwishoni jopo lilijibu: huyu ni nani, amekufa lini, wapi, kwa njia gani, na kama ameuawa, kwa mkono wa nani.

Hati hizo zimehifadhiwa kwa wingi, za Edgefield na za wilaya nyingine za jimbo. Mwanahistoria Stephen Berry wa Chuo Kikuu cha Georgia amezikusanya katika mradi wake uitwao CSI:Dixie, na anayezisoma anakutana na maisha yenyewe ya vijijini: waliozama mtoni, waliopigwa na radi, waliolewa wakalala nje usiku wa baridi, watoto walioungua jikoni, waliojinyonga. Pale ambapo hapakuonekana jeraha wala sumu, jopo liliandika kwamba marehemu amekufa kwa kudra ya Mungu. Walikuwa wakulima, hawakujifanya wanajua wasichokijua, na hilo nalihesabu kuwa uaminifu.

Hukumu moja, hata hivyo, inauma kuisoma. Katika kumbukumbu za vifo za majimbo ya Kusini, watoto wachanga wa watumwa wameandikwa mara kwa mara kuwa walikosa pumzi kwa kulaliwa na mama zao usingizini. Wazungu waliamini kwamba mama hao ni wazembe. Mwaka 1981 mwanahistoria Michael P. Johnson alizipitia takwimu hizo, akaonyesha kwamba wengi wao yaelekea walikufa kifo cha ghafla cha watoto wachanga, na akakihusisha na kazi nzito ambayo mama zao walilazimishwa kufanya wakiwa wajawazito. Mwanamke aliyepalilia pamba hadi siku za kujifungua alimzika mwanawe, kisha akaandikwa kuwa ndiye aliyemuua.

Mabwana waliuana kwa namna nyingine, hadharani na kwa majina yao kamili. Mwaka 1840 Louis Wigfall alimpiga risasi Thomas Bird mbele ya mahakama ya Edgefield, Bird akafa. Mwaka huo huo Wigfall alipambana kwa bastola na Preston Brooks kwenye kisiwa cha mto Savannah. Wote wawili walijeruhiwa, na Brooks akabaki na mguu wa kuchechemea. Tarehe 22 Mei 1856 Brooks, sasa akiwa mbunge, aliingia ukumbi wa Seneti mjini Washington akampiga Seneta Charles Sumner kwa bakora hadi akazirai, kwa sababu ya hotuba ya kupinga utumwa. Alitozwa faini ya dola 300. Alijiuzulu, na wapiga kura wa kwao wakamrudisha bungeni. Wigfall naye akawa seneta wa Texas. Katika visa vya namna hii aliyefanya alijulikana tangu mwanzo. Jopo halikuwa na la kutafuta.

Swali la mkono wa nani liligeuka gumu pale marehemu alipokuwa mtumwa. Kufikia 1860 watumwa walikuwa kama asilimia 60 ya watu wa Edgefield. Sheria ya mwaka 1740, iliyotungwa baada ya uasi wa watumwa wa Stono, ilimtoza Mzungu aliyemuua mtumwa kwa kusudi faini ya pauni 700. Akimuua kwa hasira au kwa adhabu iliyopita kiasi, pauni 350. Mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu mahakamani. Tena kulikuwa na kifungu hiki: kama mtumwa ameuawa na hapakuwepo Mzungu mwingine wa kushuhudia, mwenye dhamana yake alihesabiwa kuwa na hatia, isipokuwa akiapa kwamba hakufanya. Kiapo cha mtuhumiwa kilitosha kumwokoa mtuhumiwa. Mwaka 1821 jimbo liliandika kwamba kumuua mtumwa kwa makusudi kunastahili kifo, lakini mdomo wa waliokuwepo shambani ukabaki umefungwa. Jopo liliweza kuhesabu kila alama ya mjeledi mgongoni mwa maiti, na waliouona mjeledi ukishuka wakawa wamesimama hatua chache tu, hawaulizwi kitu ambacho mahakama ingekipokea.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliubomoa utaratibu huo. Mwaka 1868 wajumbe wa South Carolina, wengi wao Weusi, waliandika katiba mpya, na mmoja wa waliotoka Edgefield alikuwa Prince Rivers. Alizaliwa mtumwa, akawa mwendesha gari la farasi la bwana wake. Mwaka 1862 alitorokea kwa jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini, akapanda cheo hadi sajini katika kikosi cha kwanza cha Weusi wa South Carolina. Kamanda wake, Thomas Wentworth Higginson, alimsifu kitabuni kama mtu aliyezaliwa kuongoza. Baada ya vita alikuwa mbunge wa jimbo, kisha hakimu wa Hamburg, mji mdogo wa mtoni unaotazamana na Augusta ya Georgia, ng'ambo ya mto. Hamburg ulikuwa wa Edgefield hadi 1871, ulipomegwa kuingia wilaya mpya ya Aiken. Wakazi wake wengi walikuwa watu walioachwa huru, nao walikuwa na kikosi chao cha mgambo.

Tarehe 4 Julai 1876 kikosi hicho kilikuwa kikifanya gwaride barabarani. Wakulima wawili Wazungu wakafika na kigari chao, wakadai wapishwe. Walipishwa, lakini shauri lilifikishwa kwa Rivers. Siku ya kusikilizwa, tarehe 8, wakili wa wakulima, Jenerali Matthew C. Butler wa Edgefield, alikuja na mamia ya wenye bunduki, akataka mgambo wasalimishe silaha zao. Mgambo walikataa, wakajifungia katika jengo walimoweka silaha. Washambuliaji wakaleta mzinga kutoka Augusta. Kijana mmoja Mzungu, McKie Meriwether, aliuawa katika mapigano. James Cook, mkuu wa askari wa mji, aliuawa alipotoka nje, na Moses Parks akauawa naye. Usiku wakakamatwa mateka, wakaketishwa pamoja, na wanne wakaitwa mmoja mmoja wakapigwa risasi: Allan Attaway, David Phillips, Hampton Stephens, Albert Myniart.

Rivers akafanya kazi ya mchunguzi wa vifo. Alikusanya jopo, maiti zikatazamwa, mashahidi Weusi wakaapa na kusema, na safari hii maneno yao yalikuwa na nguvu ya sheria. Jopo lilitaja zaidi ya Wazungu 80 kwa majina, Butler akiwemo, na mkulima kijana aitwaye Benjamin Tillman. Kila niisomapo habari hii natamani historia ingekoma hapo. Fomu iliyoletwa na walowezi ilikuwa imejazwa na mtu aliyewahi kuwa mali ya watu, ikajibu swali lake la mwisho bila kigugumizi.

Washtakiwa walikwenda Aiken kujisalimisha wakiwa kundi, pamoja na mashati yaliyopakwa rangi nyekundu mfano wa damu. Walipewa dhamana. Kesi iliahirishwa, uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa vitisho na mauaji mengine, serikali ya jimbo ikaangukia mikononi mwa wenzao, na hakuna aliyehukumiwa. Butler akawa seneta wa Marekani mwaka 1877. Rivers alirudi kuendesha gari la farasi, akafa 1887. Tillman akawa gavana mwaka 1890, na katiba ya 1895, aliyoisukuma yeye, ikawanyang'anya Weusi kura. Katiba hiyo hiyo iliidai wilaya dola zisizopungua 2,000 kwa kila mtu aliyeuawa na umati ndani ya mipaka yake. Wauaji hawakukoma. Majopo, ambayo sasa yalikuwa ya Wazungu tena, yalizoea kuandika kwamba marehemu ameuawa na watu wasiojulikana, hata pale mauaji yalipofanyika mchana mbele ya mji mzima.

Mwaka 1909, akiwa seneta, Tillman alihutubia katika mji wa Anderson mkutano wa wakongwe wa Mashati Mekundu, wale Wazungu wa vitisho vya 1876. Alieleza bila kificho kwamba viongozi wa Wazungu wa Edgefield walikuwa wameazimia kutafuta ugomvi na Weusi, kwamba Hamburg iliwapa nafasi, na kwamba yeye alikuwepo. Alichokiri jukwaani, huku akipigiwa makofi, jopo la Prince Rivers lilikuwa limekwisha kukiandika miaka 33 kabla, maiti zikiwa bado mbele yao.