Uislamu na demokrasia: Je, inafaa Muislamu kupiga kura?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kila uchaguzi unapokaribia, Waislamu wa Mwanza na wa visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome hutuuliza: je, kupiga kura si kuiacha hukumu ya Allah na kufuata ya watu?

Wanazuoni wamehitilafiana. Wanaokataza hushika Suratu Yusuf aya ya 40, kwamba hukumu ni ya Allah peke yake. Ni kweli, haramu haiwi halali kwa wingi wa kura. Lakini kumchagua kiongozi ni jambo jingine. Suratu Shura aya ya 38 inawasifu waumini wanaoshauriana katika mambo yao. Mwaka 23 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) alipojeruhiwa, aliwaachia Masahaba sita kazi ya kumteua khalifa, na Abdurrahman bin Auf (r.a.) akawauliza watu wa Madina kabla ya kumtangaza Uthman (r.a.). Katika zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin aliona kushiriki uchaguzi ni wajibu, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi akaihesabu kura kuwa ni ushahidi.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi haina dini. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu, na ibara ya 20 inazuia vyama vya siasa vya kidini. Basi tunachochagua ni mtu wa kubeba amana. Uzito wake tunaujua: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafariki.

Kwa hiyo tunaona inafaa kupiga kura, kwa masharti haya:

1. Usipokee fedha, kanga wala nyavu. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji.
2. Usimchague usiyemwamini kwa sababu tu ni wa dini au kabila lako.
3. Mume asimlazimishe mkewe. Ushahidi ni wa kila mtu mwenyewe.

Mvuvi anayehama kambi arekebishe mapema taarifa zake kwenye daftari la wapiga kura, kwani kura hupigwa katika kituo ulichoandikishwa.

Anayejizuia kwa kufuata wanazuoni wake asibezwe, naye asiwakufurishe wenzake.

Wallahu a'lam.