Swaminathan: Ngano Ilipokewa, Nasaha Ikangoja

Mpishi wa chapati, awe wa Delhi au wa Unguja, huukagua unga kwa jicho kabla ya ulimi. Mbegu za ngano zilizoingia India kutoka Meksiko katika miaka ya 1960 zilikuwa na shina fupi lisiloangushwa na uzito wa masuke, nazo zilizaa mno. Lakini punje zake zilikuwa nyekundu, na mlaji wa India alizoea rangi ya kaharabu. Monkombu Sambasivan Swaminathan hakuidharau hoja hiyo ya jikoni. Yeye na wenzake katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya Pusa, Delhi, waliipiga ngano hiyo miale, wakapata punje ya rangi iliyopendwa, wakaiita Sharbati Sonora. Madai yaliyotolewa kuhusu lishe yake yalizua ubishi mkali; rangi haikubishaniwa.

Alizaliwa Kumbakonam, kusini mwa India, tarehe 7 Agosti 1925, mtoto wa tabibu. Njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoangamiza watu kwa mamilioni, ndiyo iliyomvuta kwenye kilimo. Alifaulu mtihani wa kuwa ofisa wa polisi, akauacha. Akaenda kusoma Uholanzi, kisha Cambridge, alikopata udaktari mwaka 1952.

Pepo ambazo watu wa mwambao huziita kusi ndizo ziletazo mvua India, na mwaka 1965, kisha 1966, mvua hizo zilikhini. Taifa zima likawa linangoja meli za ngano ya msaada kutoka Marekani. Mwaka 1966 serikali iliagiza tani 18,000 za mbegu kutoka Meksiko. Mbegu zilikuwa kazi ya Norman Borlaug, na waziri aliyethubutu alikuwa C. Subramaniam, fungu la Swaminathan lilikuwa kuwasadikisha wakubwa wa serikali kwa majaribio yaliyofanywa katika makonde ya wakulima wenyewe. Mavuno, yaliyokuwa kiasi cha tani milioni 12 msimu wa 1964-65, yalikaribia milioni 17 mwaka 1968, na Indira Gandhi akazindua stempu ya posta kuyaadhimisha.

Lakini mwezi Januari wa mwaka huo huo, kabla ya ngano hiyo kuvunwa, Swaminathan alisimama mbele ya wanasayansi mjini Varanasi akaonya: kulima kwa pupa bila kuhifadhi rutuba kutazaa jangwa; kumwagilia bila mifereji ya kutolea maji kutaleta chumvi; kuchota ovyo maji ya chini ya ardhi kutayamaliza; na kuzitupa mbegu nyingi za kienyeji kwa ajili ya moja au mbili kutakaribisha maradhi. Punjab ya leo, ambako visima huchimbwa kwenda chini mwaka hadi mwaka, yamsadiki.

Hapa hukumu huwa nzito. Aliyeonya hakuwa mpita njia: aliliongoza baraza la utafiti wa kilimo la India tangu 1972 hadi 1979, kisha akawa katibu mkuu katika wizara ya kilimo. Bei na umeme wa pampu yalikuwa mambo ya wanasiasa, ni kweli. Hata hivyo kalamu ilikuwa mkononi mwake, na nasaha yake haikupata nguvu ya mbegu zake.

Baada ya kuongoza taasisi ya mpunga ya Ufilipino, 1982 hadi 1988, alirudi Chennai. Kati ya 2004 na 2006, akiwa mwenyekiti wa tume ya taifa ya wakulima, alipendekeza bei ya serikali izidi gharama za mkulima kwa nusu yake walau. Pendekezo hilo likawa wimbo wa maandamano.

Alifariki tarehe 28 Septemba 2023. Tarehe 9 Februari 2024 serikali ilitangaza kumtunuku Bharat Ratna, nishani kuu ya nchi. Siku nne baadaye wakulima wa Punjab waliokuwa wakielekea Delhi kudai bei ya tume yake walizuiwa mpakani kwa mabomu ya machozi. Binti yake, Madhura, mwanauchumi, akihutubia hafla ya kumuenzi baba yake, alisema kwamba hao ndio watoaji wa chakula, na wasitendewe kama wahalifu.