Nauli ya Kupona

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya mwambao wetu miaka ya 1980. Kwanza ilivutwa, kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, wengi Unguja, Dar es Salaam na Mombasa walikuwa wameshahamia kwenye sindano. Lugha iliupokea msiba huo kwa majina yake: unga, kete, teja, arosto. Hilo la mwisho, yaani mateso ya mwili ulionyimwa unga, hutajwa kila anaposhindwa mtu kuacha. Walakin arosto hudumu siku chache tu. Wengi huanguka baada yake.

Unguja ilijibu kwa nyumba za upataji nafuu, zikiendeshwa aghalabu na walioacha wenyewe, kwa kufuata hatua 12. Mkaazi hukaa miezi kadhaa, na gharama huziangukia familia. Fedha zikikatika, matibabu nayo hukatika. Kijana hurudi maskani ileile, kwa marafiki walewale, na mwili uliokwisha kusahau unga; kete aliyoizoea zamani sasa yaweza kumuua.

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni bila malipo. Bila malipo, lakini si bila gharama: dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeishi kwa vibarua hulazimika kuchagua asubuhi baina ya foleni ya dawa na pale kazi zinapogawiwa, na nauli ya daladala, kwenda na kurudi, haina siku ya mapumziko. Kufunguliwa kwa kliniki za Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014 kulikuwa, kwa maoni yangu, tiba kama dawa yenyewe.

Katika mamia ya wagonjwa wa mwanzo wa Muhimbili, waliobaki baada ya mwaka walizidi nusu kidogo tu. Waliopewa dozi ndogo ndio waliotoroka zaidi, jambo lisilowalaumu wao hata chembe. Wanawake walikuwa wachache sana, lakini walioingia walidumu kuliko wanaume. Sishangai. Mwanamke aliyefika mlangoni pale alikwisha kuvuka aibu ambayo jamii yetu haimtwishi kaka yake, seuze alipokuwa na mtoto mgongoni na hana wa kumwachia.

Zanzibar ilifungua kliniki yake mwaka 2015, Kidongo Chekundu. Kila Mzanzibari alijua jina hilo kwa hospitali yake ya wagonjwa wa akili, na katika mji mdogo, kuonekana ukiingia lango hilo kila asubuhi si jambo jepesi. Hata hivyo mtu wa Mjini aliweza kwenda kwa miguu. Wa Wete au Chake Chake alikuwa na bahari mbele yake: hakuna awezaye kuvuka kutoka Pemba kila siku kwa kikombe kimoja cha dawa. Aliyeitaka alilazimika kuhamia Unguja, na kabla ya dozi ya kwanza, atafute pa kulala.