Kijikadi cha Sony kilichowatoa jasho wachezaji gemu

Katikati ya mwaka 2005, aliyetaka kuendesha programu isiyo ya Sony kwenye PSP, mashine yake ya gemu ya mkononi, alihitaji memori kadi mbili na vidole vyepesi. Unapachika kadi ya kwanza ubavuni mwa mashine, unachagua programu kwenye menyu, na mashine ikishaikagua na kuridhika, unaichomoa kadi hiyo upesi na kusukuma ya pili, ile yenye mzigo wenyewe. Ukichelewa, unaanza upya. Wiki chache baadaye kulipatikana njia ya kutumia kadi moja yenye folda mbili za majina yanayofanana, moja ikiwa na alama ya asilimia mwishoni. Mchezo wa kupokezana kadi ukaishia hapo. Suala la kadi ipi inunuliwe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Chanzo chake ni cha nyuma kidogo. Mwaka 1998 Sony ilitangaza Memory Stick, kadi yake yenyewe kwa ajili ya kamera na kompyuta zake. Mwaka uliofuata Panasonic, Toshiba na SanDisk wakaungana kuleta kadi ya SD, na watengenezaji wengi wakaikimbilia hiyo. Sony haikutetereka. PSP ilipoingia sokoni Japani Desemba 2004, na Marekani Machi 2005, tundu lake lilikubali Memory Stick Duo na Pro Duo tu, na boksi la Marekani lilikuja na kadi ya megabaiti 32. Diski ya UMD yenye gemu ilibeba hadi gigabaiti 1.8. Yaani kwa hesabu za Sony, kadi ilikuwa ya kuhifadhi ulipofikia kwenye gemu, labda na nyimbo mbili tatu.

Wadukuzi walipiga hesabu nyingine. Gemu ikishanakiliwa kutoka kwenye diski hadi kuwa faili, kadi inageuka kuwa rafu ya gemu, na rafu ya megabaiti 32 ni kichekesho. Ndipo yakazuka maarifa ya kubana. Faili hizo za nakala, ziitwazo ISO, zikageuzwa kuwa CSO, namna ya kuzikandamiza ambayo mashine iliweza kuzifungua huku gemu ikiendelea. Wengine waling'oa video na muziki ndani ya gemu ili ienee. Wapo waliobeba gemu walizozinunua kihalali, na wapo, tena wengi, ambao hawakununua chochote. Mbinu ilikuwa ileile kwa wote.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kadi haikulazimika kuwa ya kasi sana. UMD ni diski inayozunguka, inasoma polepole na inakula betri. Hata kadi ya kawaida iliishinda. Kwa hiyo kilichotafutwa kilikuwa ukubwa, na pale kwenye njaa ya ukubwa ndipo matapeli walipopata mlango. Memory Stick Pro Duo feki zilizagaa duniani kote. Msomaji aliyewahi kununua memori kadi ya simu mtaani anaujua mchezo huu: chipu ndogo ndani imechakachuliwa ijitangaze kuwa kubwa, unajaza faili kwa furaha, kisha zile za mwisho zinaandikwa juu ya za mwanzo. Waangalifu walikagua kwenye PSP kama kadi inatambulika kuwa na ulinzi wa MagicGate, au waliijaza yote kwa programu ya H2testw, iliyotoka kwa watu wa jarida la kompyuta la Ujerumani, c't, kisha wakaisoma tena.

Mkombozi alitoka kwenye simu za mkononi. Simu zilikuwa zimeifanya microSD kuwa rahisi na ya kupatikana popote, na ikazuka adapta yenye umbo la Memory Stick inayomeza microSD. Maarufu kati yake, ya kampuni ya Photofast, ilibeba mbili zikigawana data kama kadi moja. Kasoro yake ilikuwa wazi: moja ikifa, zote zimekwenda. Mwaka 2010 hata Sony yenyewe ilianza kuuza kadi za SD.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Desemba 2011 Sony ikaleta PS Vita, mrithi wa PSP, ikiwa na kadi mpya kabisa isiyoingiliana na chochote. Marekani, ile ya gigabaiti 32 iliuzwa karibu dola 100, wakati mashine nzima ya Wi-Fi ilikuwa karibu dola 250. Baada ya yaliyoipata PSP, sababu si ngumu kuikisia. Kwa maoni yangu ni adhabu iliyompata zaidi mnunuzi mwaminifu kuliko mdukuzi.

Mdukuzi alihitaji subira tu. Julai 2016 kikundi cha wadukuzi cha Molecule kilitoa mbinu ya HENkaku, kufuli la Vita likafunguka, lakini kadi ya Sony ikabaki kuwa mpaka. Mwaka 2017 ndipo ikaonekana kwamba tundu la kaseti za gemu linaweza kuzungumza na microSD, likipewa programu ya kuliongoza na adapta ya bei ndogo iitwayo SD2Vita. Gharama yake ni kwamba tundu likikaliwa na adapta, kaseti halisi hazina pa kuingia.

Anayenunua microSD ya Vita leo asihangaike na zile zinazojigamba kwa kasi kubwa kwenye lebo. Tundu la mwaka 2011 halijui mwendo huo. Afadhali jina linaloaminika na duka linalokubali kurudishiwa. Vita iliacha kutengenezwa Machi 2019, na kadi yake ya kifahari, ukiiondoa Vita na kisanduku cha PlayStation TV, haikuwahi kutumika kwenye kifaa kingine chochote.